Kusoma Mita Kabla ya Kumlaumu Jirani
Hotuba kwa wakazi wa Kihesa, Iringa

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zangu, vijana wetu na wageni mlioungana nasi, kamwene.

Nimeombwa nizungumze juu ya matumizi ya umeme majumbani, na mwaliko ulikuja pamoja na swali ambalo wengi wenu mmemfikishia Mwenyekiti kwa maneno tofauti: inakuwaje nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye vyumba sawa na watu sawa, moja inunue umeme wa shilingi elfu tano na kukaa nao wiki mbili, na nyingine inunue wa elfu tano hiyohiyo na kubaki gizani siku ya nne? Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kabla ya kulijibu inabidi tujue kama nyumba hizo mbili zinalinganishika. Mara nyingi hazilinganishiki, na hapo ndipo lawama zisizo na msingi zinapoanzia.

Jambo la kwanza ninaloomba tukubaliane ni kwamba shilingi haifai kuwa kipimo cha umeme. Kipimo cha umeme ni uniti, yaani kilowati-saa: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja kimekula uniti moja, na kifaa cha wati 100 kikiwaka saa 10 kimekula uniti ileile. Haijalishi uko Kihesa, Mafinga au Dar es Salaam. Uniti ni uniti. Shilingi haiko hivyo. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja wa kundi la D1, ambalo ni la kaya zenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, alitozwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kundi la T1, ambalo ni la matumizi ya kawaida, alitozwa shilingi 292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1, uniti ya D1 inafika shilingi 122 na ya T1 inafika takriban shilingi 356. Kwa hesabu hiyo, shilingi elfu tano inampa wa kwanza uniti 41 na kumpa wa pili uniti 14. Kisha kuna kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia luku, na ambayo mwaka 2023 ilipandishwa hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mteja wa T1 anayenunua kwa mara ya kwanza katika mwezi atakatwa kodi hiyo kwanza, atabakiwa na shilingi 3,500, na uniti zake hazitafika hata 10.

Angalieni basi: elfu tano moja, majirani watatu, mmoja amepata uniti 41, mwingine 14, mwingine chini ya 10. Yule wa mwisho anaweza kuwa ndiye mbanaji kuliko wote, lakini umeme wake ndio utakaoisha kwanza, na mtaa mzima utasema kwake kuna ubadhirifu. Ujumbe unaoletwa kwenye simu baada ya kununua umeme unaonyesha haya yote, mstari kwa mstari. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunanakili zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita na kuufuta ujumbe palepale. Nawasihi msiufute. Ujumbe huo ndio ankara yetu, maana siku hizi ya karatasi haiji tena nyumbani.

Hata hivyo, ujumbe huo peke yake hautoshi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimekuta watu waliosoma vizuri wakikosea. Kununua umeme ni jambo moja na kuutumia ni jambo jingine. Zamani, msoma mita alipokuwa akipita kila mwezi, ankara ilieleza umeme uliokwisha kutumika. Luku inaeleza umeme uliowekwa akiba. Mtu anaweza kununua uniti 60 tarehe 29 Juni, asinunue chochote mwezi mzima wa Julai, akaamini kwamba Julai hakutumia kitu. Ili kupata matumizi ya kweli, soma salio la uniti kwenye mita siku ya kwanza ya mwezi, ongeza uniti zote ulizonunua ndani ya mwezi huo, kisha toa salio utakalolikuta siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Tuseme tarehe 1 Julai mita ilionyesha 18.4. Katika mwezi mlinunua mara tatu, uniti 28, uniti 28 na uniti 14, jumla 70. Tarehe 1 Agosti mita inaonyesha 9.7. Matumizi ya Julai ni 18.4 kujumlisha 70, kutoa 9.7, yaani uniti 78.7. Gawanya kwa siku 31 mpate uniti 2.5 kwa siku. Namba hiyo ya kwa siku ndiyo ya kuandika kwenye daftari, kwa kuwa miezi haina siku sawa na sisi hatukumbuki kusoma mita saa ileile. Ukichelewa ukasoma tarehe 3, hakuna kilichoharibika. Gawanya kwa siku 33.

Sasa nitawasimulia jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu bila kusita, ingawa halinipi sifa. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba Mafinga, katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Wengi hapa mmeishi katika nyumba za namna hiyo na mnajua mchango wa luku unavyoleta ugomvi. Mpangaji mmoja, mama aliyekuwa na watoto wawili, alikuwa na friji ndogo kwa ajili ya biashara yake ya maziwa. Umeme ulipoanza kuisha haraka, tulikaa kikao tukaamua kwamba mwenye friji atachangia mara mbili ya wengine, kwa sababu friji inawaka usiku na mchana na sisi tuna taa na redio tu. Nami nilikuwepo kwenye kikao hicho, mwalimu wa fizikia, na niliunga mkono bila kupima chochote. Mama yule alilipa mara mbili kwa miezi saba.

Siku moja nilisikia aibu ya kutojua jambo ambalo kazi yangu ilikuwa kulijua. Jumapili iliyofuata, wapangaji wengine walipokuwa kanisani na kila kitu kimezimwa isipokuwa friji ile, nilisoma mita, nikakaa nje kwa saa sita, nikasoma tena. Friji ilikuwa imekula uniti 0.3. Kwa siku nzima hiyo ni uniti 1.2. Kesho yake niliamka saa 11 alfajiri nikasoma mita, na saa 2 asubuhi, watu wote walipokuwa wamekwenda kazini na shuleni, nikasoma tena. Katika saa hizo tatu zilikuwa zimeondoka uniti 7.4.

Zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye maji ya kuoga. Vyumba vitano kati ya sita, changu kikiwemo, tulikuwa tukichemsha maji kwa ile hita ya kutumbukiza ndani ya ndoo, na asubuhi moja zilipita ndoo 12. Tufanye hesabu pamoja. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji kilojuli 4.19. Ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 15 za maji ya bomba wakati wa baridi hadi nyuzi 40 za kuogea, inahitaji 20 mara 25 mara 4.19, yaani kilojuli 2,095 hivi. Uniti moja ina kilojuli 3,600. Kwa hiyo kila ndoo ilikula uniti 0.58, na ndoo 12 zilikula karibu uniti 7, ambazo ni sawa na karibu siku sita za friji ile. Mama yule hakuwa na hita. Alichemsha maji ya watoto wake kwenye jiko la mkaa, nje, kwenye baridi ya Mafinga mnayoijua.

Nilipeleka hesabu hiyo kwenye kikao kilichofuata na hapakuwa na mtu wa kuipinga. Tulibadilisha mchango, na fedha alizotozwa zaidi tulizirudisha kidogo kidogo. Ila miezi saba ya kutazamwa vibaya uani na majirani zake hatukuwa na namna ya kumrudishia.

Naomba tubaki kidogo kwenye maji ya moto, kwa sababu kwetu Nyanda za Juu Kusini hapo ndipo penye siri kubwa ya luku. Mji wetu uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu wa Mufindi, Njombe na Makete wako juu zaidi. Dar es Salaam watu wengi huoga maji yalivyo na umeme wao unakwenda kwenye feni na viyoyozi. Kwetu unakwenda bafuni. Hita ya kuogea inayofungwa ukutani, yenye wati 5,000, ikitumika dakika 10 inakula uniti 0.83. Familia ya watu watano, kila mmoja dakika 10 kwa siku, inatumia uniti 4.2 kwa siku na uniti 125 kwa mwezi, kabla ya kuwasha taa hata moja. Mpaka wa uniti 75 umevukwa bafuni. Ndiyo sababu nasikitika ninapoona baba anamgombeza mtoto kwa kusahau kuzima taa ya LED ya wati 9, ambayo ikiwaka saa tano kila siku haimalizi hata uniti moja na nusu kwa mwezi mzima, ilhali yeye mwenyewe husimama chini ya maji ya moto robo saa.

Baridi hiyo inatudai jambo jingine katika kulinganisha. Ukiweka Julai yako mbele ya Januari yako utaona ongezeko, na si sahihi kusema kwamba nyumba imeharibika au mita imechezewa. Maji ya Januari yakiwa na nyuzi 20 badala ya 15, ndoo ileile inahitaji uniti 0.47 badala ya 0.58, na hali watu hawajabadilisha tabia yoyote. Katika nchi zenye baridi kali, wataalamu hufuatilia joto la nje la kila siku, wanahesabu ni nyuzi ngapi liko chini ya kiwango fulani, wanajumlisha nyuzi hizo za mwaka mzima, kisha wanagawanya matumizi ya nyumba kwa jumla hiyo, ili mwaka wa baridi kali usiifanye nyumba nzuri ionekane mbovu. Sisi si lazima twende mbali kiasi hicho. Inatosha Julai ya mwaka huu kuipima kwa Julai ya mwaka jana, na Januari kwa Januari. Kwa hiyo daftari lenye mwaka mmoja tu ni mwanzo, na kuanzia mwaka wa pili ndipo litaanza kusema.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kusubiri mwaka, wala hata siku. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Kwa mita iliyoandikwa 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Usiku, watu wakishalala na mkiamini kila kitu kimezimwa, simameni mbele ya mita kwa dakika sita na mhesabu. Mkipata mipepeso 10, nyumba inavuta wati 100. Ni kidogo, mtasema. Lakini wati 100 zisizokoma ni uniti 2.4 kwa siku na uniti 72 kwa mwezi, na hapo tumeugusa tena ule mpaka wa 75 bila mtu yeyote kuwasha kitu kwa makusudi. Friji ina haki ya kuwa humo. Kinachobaki mara nyingi ni king'amuzi na televisheni vilivyozimwa kwa rimoti tu, sabufa iliyoachwa kwenye soketi, au balbu ya nje ya ule mtindo wa zamani wenye uzi unaong'aa. Balbu ya namna hiyo yenye wati 60, ikiwaka saa 12 kila usiku, inakula uniti 21.6 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inayofanya kazi hiyohiyo inakula 3.2. Na ikiwa mmechomoa vitu vyote kweli, taa ile ndogo ikaendelea kupepesa, mwiteni fundi umeme, kwa sababu huenda waya umechubuka mahali na umeme unavuja, na hilo ni hatari kwa maisha kuliko hasara ya fedha.

Sasa tuseme kila mmoja ana namba yake ya uniti kwa siku. Je, tunaweza kuziweka mezani na kumtafuta aliye bora? Hapana. Nyumba ya watu wanane haiwezi kupimwa kwa nyumba ya watu wawili. Ujerumani na Uingereza huwa wanagawanya matumizi kwa meta za mraba za nyumba, na wana sababu, kwani sehemu kubwa ya nishati yao inapasha joto vyumba vyenyewe, na chumba kikubwa kinadai zaidi. Kwetu vyumba havipashwi joto kwa umeme. Kinachodai umeme ni watu: wanaoga, wanakula, wanapiga pasi sare za shule. Kwa hiyo mimi nashauri tugawanye kwa idadi ya watu wanaolala ndani ya nyumba. Ile familia yenye uniti 2.5 kwa siku, wakiwa watano, ni nusu uniti kwa mtu kwa siku. Ila muwe waangalifu, maana friji inakula kilekile wakiwa wawili au wanane, na kwa sababu hiyo nyumba yenye watu wachache itaonekana mbaya kidogo kuliko ilivyo. Linganisheni nyumba za ukubwa unaokaribiana. Na mwenye mashine ya kusaga, saluni au mashine ya kulehemu kwenye mita ya nyumbani asiingie kwenye ulinganisho huu kabisa.

Sehemu ngumu nimeiacha hadi sasa. Nilipotoka kwenye kikao kile cha Mafinga nilidhani nimemaliza hesabu, na haikuwa hivyo, kwa sababu mkaa wa yule mama nao ni nishati. Kilo moja ya mkaa ina nishati inayokaribia uniti 8. Kilo moja ya kuni kavu ina uniti 4 hivi, na kilo moja ya gesi ya kupikia karibu 13, kwa hiyo mtungi mdogo wa kilo 6 ni kama uniti 77. Tuchukue nyumba mbili zenye watu sawa. Ya kwanza inatumia uniti 60 za umeme kwa mwezi na kuchoma kilo 30 za mkaa; ya pili haina mkaa kabisa, inapika kwa jiko la umeme na jungu la presha la umeme, na inatumia uniti 150. Kwa luku peke yake, ya pili ni mlafi. Ukijumlisha nishati yote, ya kwanza imetumia 60 na 240, jumla 300, mara mbili ya mwenzake. Chanzo ni jiko: jiko la kawaida la bati hufikisha kwenye sufuria takriban sehemu moja kati ya tano ya joto la mkaa na nyingine huenda hewani, mafiga matatu ni mabaya zaidi, gesi hufikisha zaidi ya nusu, na umeme hufikisha sehemu kubwa zaidi kuliko vyote hivyo.

Hili lina uzito wa pekee sasa hivi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Katika miaka hii kumi nyumba nyingi za mtaa huu zitaona namba ya luku inapanda, na isitokee mume akamwambia mkewe arudi kwenye mkaa kwa sababu tu ya namba hiyo. Daftari lenu liwe na safu ya mkaa, safu ya kuni na safu ya gesi kando ya safu ya umeme. Gunia jipya likifika, lipimeni kwenye mizani ya dukani na muandike tarehe. Likiisha, muandike tarehe tena. Na kwa kuwa nimetaja mkaa mbele ya watu wa baridi, naomba kwa moyo wote: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Kaboni monoksidi haina harufu, na anayeivuta usingizini hapati nafasi ya kuamka.

Nikiangalia kutoka hapa, Ruaha Mdogo uko chini yetu kule Ipogolo. Maji hayo yanaingia Ruaha Mkuu, yanafika Mtera kwenye mitambo ya megawati 80, yanateremka hadi Kidatu kwenye megawati 204, na mwisho yanaingia Rufiji. Umeme tunaoupima leo sehemu yake ni maji ya vilima vyetu wenyewe, na mwaka ambao mvua inakuwa haba tunaona mgao unavyotugusa. Nalisema hili kwa vijana hasa, ambao mwalimu akiwaambia wati na juli hufikiri ni habari za kwenye kitabu.

Mita ya ukumbi huu iko ukutani upande wa nje, kushoto kwa mlango, na imeandikwa 1000. Kabla sijaanza kuzungumza nilihesabu mipepeso 21 kwa dakika tatu, taa zote zikiwa zimewashwa pamoja na kipaza sauti hiki. Mwenyekiti amekubali tuzime kipaza sauti na taa, tutoke pamoja na tuhesabu upya. Kijana mmoja mwenye simu ashike muda. Mzee wetu aliye karibu na mlango atuhesabie kwa sauti, na mwenye kalamu aandike.